Fundo Lililopita Kwenye Mashine

King'ora cha saa kumi na mbili asubuhi kilimkuta Josefina ameshapanda lundo, khanga moja kiunoni, nyingine kichwani, na mkononi kile kisu chake alichokichonga kutokana na kipande cha msumeno. Wenzake walikuwa wanakuja mmoja mmoja kutoka kambini, wakipiga miayo na kujikunyata kwa baridi ya umande. Paulina alitangulia, mtoto mgongoni. Alitazama chini, akamtazama Josefina, akacheka. Siku hiyo hapakuwa na cha kuchambua. Lundo la taka lilikuwa limefagiliwa kingo zote kama uwanja wa mtu anayeposewa binti.

Uchafu nao unafagiliwa? Pale Kwaluhombo ulifagiliwa. Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, mwaka wa kilimo cha kufa na kupona, na shamba hilo la mkonge nje kidogo ya Korogwe lilikuwa mali ya umma. Wakubwa wa makao makuu Dar es Salaam walikuwa wanakuja kutazama mashine.

Kazi ya Josefina na wenzake ilikuwa hivi. Jani la mkonge likipita kwenye mashine kubwa ya kusinga, singa ndefu hutoka upande mmoja zikaenda kuanikwa, na upande wa pili hutoka makapi, rojo la kijani lenye nyuzi ndani yake, linalowasha ngozi mpaka mtu anajikuna usingizini. Juu ya makapi hayo shamba zima lilitupa kila lisilotakiwa: waya wa kufungia marobota, magunia yaliyooza, makopo, chupa, visu vilivyovunjika, majivu ya kambi. Wanawake ishirini na wanne walikaa juu ya lundo wakitenga. Nyuzi huku, ziuzwe kwa watengeneza magodoro. Chuma huku, kikayeyushwe. Kinachokauka na kuwaka kiende kwenye boila, na mawe na mchanga vibaki vilipo.

Nyuzi alizookoa, kila mwanamke alizifunga vifungu vya ukubwa wa gunzi la hindi, na kila mmoja alikuwa na fundo lake. Jioni mnyapara alipita akitazama mafundo, ndipo alipojua nani amefanya kazi na nani amekuja kupiga soga, akagonga muhuri kwenye kipande, ile kadi ya kazi, cha anayestahili. Fundo la Josefina lilikuwa la baba yake, Mzee Kasmiri, aliyeletwa kutoka Ungoni akiwa manamba enzi za wazungu. Unazungusha mara mbili, unapenyeza kichwa chini ya mzunguko wa kwanza, unavuta, unaacha masikio mawili. Angeweza kulitambua hata amefumba macho.

Na kipande ndicho kilichokuwa chumba. Asiye na kipande hakai kambini, hiyo ilikuwa sheria ya wazungu na wenyewe tulipolichukua shamba tukaiacha vilevile. Josefina alizaliwa katika laini ya tatu ya vyumba vya kambi, akaolewa katika laini ya tano, akafiwa na mume, akarudi laini ya tatu. Baba na mume aliwazika nyuma ya shamba namba saba. Ungoni hakukujua, hata ungemwonyesha njia asingejua ashukie wapi. Alikuwa na Kwaluhombo tu.

Mashine waliyokuja kuitazama wakubwa, ya kuchambua taka, ilikuwa imefika mwaka uliopita ndani ya masanduku ya mbao, zawadi ya nchi ya nje ambako ilitengenezwa kwa ajili ya taka za mjini kwao. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, boila linakunywa kama ng'ombe, na wakubwa wakasema taka zigeuzwe kuni. Aliyepewa kuiendesha ni Ponsiano, fundi kijana aliyesomea Tanga miezi sita. Aliipenda mashine ile jamani, akawa anawaeleza akina mama kama mtu anayemtambulisha mchumba.

Alisema mkanda huu unapandisha taka juu na kuzimwaga ndani ya pipa lililolala, refu kuliko chumba, lenye matundu mwili mzima. Hilo ni chekeche. Linazunguka limeinama kidogo, mchanga na majivu vinadondoka kwenye matundu, vikubwa vinasogea mpaka mwisho na kuangukia mkanda wa pili. Juu ya mkanda huo kuna sumaku, inanyonya kila chenye chuma. Halafu feni inapuliza kutoka chini. Vyepesi, yaani nyuzi na makaratasi, vinapeperuka na kunaswa kwenye wavu. Mawe na chupa vinaanguka wima. Kinachobaki katikati, makapi makavu na vijiti, kinatumbukia kwenye toroli la boila. Akina mama walisikiliza, wakaguna kwa kusifu, na kweli ilistahili kusifiwa.

Ila walioitengeneza hawakuwahi kuuona mkonge. Singa haipendi kitu kinachozunguka, ikikigusa inakikumbatia. Siku ya kwanza mashine ilikwenda robo saa, singa zikajizungusha kwenye shafti, kile chuma kinachozungusha pipa, tabaka juu ya tabaka, mpaka shafti ikanenepa kama paja la mtu. Rojo bichi liliziba matundu ya chekeche na kukauka humo. Ponsiano alikesha akikata. Wiki mbili kabla ya ugeni ilikwama tena, na Bwana Mhina, meneja wa shamba, akamwambia fundi mbele za watu kwamba mashine ya taifa ikikwama siku ya wageni, hiyo ni hujuma, na wahujumu wanajua wanakopelekwa.

Jioni ile Ponsiano alikuja kukaa kwenye baraza ya Josefina. Hakuwa na mama pale kambini, alizoea kula kwake. Siku hiyo aliwekewa ugali na mlenda, akanawa mikono, akabaki anautazama.

Basi Josefina ndiye aliyetoa wazo. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililomtafuna baadaye. Mgeni akija unafagia, unaficha matambara, unamtandikia mkeka usiotoboka. Aliwaambia wenzake waitandikie mashine vivyo hivyo. Walikubali haraka, kwa kuwa walimpenda yule kijana, na kwa kuwa waliogopa mashine ikishindwa wakubwa watafunga sehemu nzima ya makapi. Siku mbili walichambua jua kali kichwani. Singa ndefu zote walizitoa wakazificha bandani. Makapi waliyaanika mpaka yakawa kama pumba. Kisha wakachanganya upya kwa kipimo: nyuzi fupi kiasi, waya kiasi, makopo yaliyooshwa, kokoto. Paulina aliosha hata chupa. Lundo bichi lenyewe liliachwa nyuma ya jengo la mashine, huko kusikofika mgeni.

Hakuna aliyesema wanadanganya. Kwao ilikuwa adabu.

Saa nne Landrova mbili ziliingia. Mkubwa wa msafara alikuwa Ndugu Habakuki, mtu mfupi wa miwani na suti ya mikono mifupi, mpole, aliyewaamkia akina mama mmoja mmoja na kuwaita mama zetu. Bwana Mhina alimfuata hatua moja nyuma, jasho likimtoka. Ponsiano akavuta wenzo, mkanda ukaanza kupanda.

Ikafanya kazi. Bwana wee, ikafanya kazi mpaka Josefina akasikia machozi. Pipa lilizunguka bila kugugumia, majivu yakadondoka kama unga, sumaku ikanyakua waya na makopo moja moja, feni ikapuliza nyuzi zikaenda kujilaza wavuni nyeupe. Toroli la boila likajaa makapi makavu. Ponsiano alikuwa anaeleza kwa sauti ya kupaza, na kila alilolisema, mashine ililitenda.

Ndugu Habakuki alimgeukia Josefina, kwa vile alisimama mbele. "Mama, hii mashine imewapunguzia kazi?"

Josefina alikuwa na jibu la kweli na jibu la mgeni. Mtu hamwambii mgeni kwamba kitanda alichokikalia ni cha kuazima. "Imetupunguzia sana, baba," akasema. "Hatuna neno."

Mkubwa akaandika kwenye daftari lake.

Hapo ndipo kifungu kilipotoka. Josefina alikitambua kabla hakijatua: kifungu cha singa ndefu, cha ukubwa wa gunzi, kimefungwa katikati, masikio mawili yamesimama. Kilisahaulika humo wakati wa kuchanganya. Kwa kuwa kilifungwa, hakikujizungusha popote. Kilipita ndani ya chekeche, kikapita chini ya sumaku, feni ikakisukuma mpaka wavuni, kikalala juu ya nyuzi zote. Spana ilimponyoka Ponsiano.

Ndugu Habakuki aliinama akakiokota. Alikigeuza, akakisogeza karibu na miwani. Akawatazama akina mama, akamtazama Bwana Mhina, halafu akawapa mgongo kama mtu anayetafuta mwanga. Alikaa hivyo kitambo. Alipogeuka mkononi mlikuwa na nyuzi zilizotawanyika tu. "Nyuzi safi sana," akasema, akazitia kwenye mfuko wa sampuli. Josefina alishusha pumzi, akadhani fundo limefunguka lenyewe, akamshukuru Mungu.

Baadaye walikusanywa chini ya paa la bati, na Ndugu Habakuki akahutubia. Alisema maendeleo ni kumtua mwanamke mzigo. Alisema ameona kwa macho yake kwamba mashine inatosheka na watu wanne, na akina mama wenyewe wamekiri kwamba kazi imepungua. Taifa linahitaji mikono yao kwenye kilimo. Kwa hiyo wote ishirini na wanne watapelekwa kijiji kipya cha ujamaa kule Handeni, kupita Kabuku, ambako kila kaya itapewa shamba na jembe. Lori litakuja Jumatatu. Bwana Mhina akaanza kupiga makofi.

Kuna swali?

Josefina alisimama. Maneno alikuwa nayo mdomoni, mafupi tu: taka zile tulizichambua sisi. Alimtazama Ponsiano, aliyekuwa amesimama kando ya mashine na mikono yenye grisi. Angeyasema maneno yale, kijana angeondoka ndani ya Landrova siku hiyohiyo, ameidanganya serikali. Watu walimngojea.

"Nashukuru, ndugu," akasema, akakaa.

Wageni walikula pilau na mbuzi, wakapakia mifuko ya sampuli, wakaondoka saa nane. Kambini akina mama walikaa kwenye baraza ya laini ya tatu. Hakuna aliyemlaumu Josefina, na afadhali wangemlaumu. Kule Handeni walikusikia kwa wapita njia tu: nyika, maji ya kutafuta, ng'ombe wa wafugaji akina Saruni na Koikai wanapita wanapotaka. Paulina alimnyonyesha mtoto, akamhamisha ziwa la pili, ndipo aliposema taratibu, "Ulimwambia imetupunguzia."

Saa tisa kasorobo Ponsiano alikuja mbio. Bwana Mhina, kwa furaha ya siku ile, alikuwa ameamuru mashine ilishwe lundo lenyewe, lile bichi la nyuma, boila lipate kuni za jioni. Ilikwenda dakika kumi na moja. "Shafti imefungwa yote, mama," akasema. "Mkanda umeanza kuungua."

Josefina alichukua kisu akaenda naye. Mashine ilikuwa imesimama, inanuka mpira. Bwana Mhina alikuwa pale na wanamgambo wawili, na furaha yote imemwishia. Alimwambia akate, akamwambia pia kwamba mpaka lori lije akina mama watakuja kila siku kusafisha, kwa kujitolea. Halafu akamgeukia fundi. "Mbele ya wageni ilifanya kazi," akasema. "Sasa imekwama. Nani aliyeikwamisha?"

Ponsiano alijifuta grisi mikononi.

Josefina alipiga magoti kando ya wavu ili afikie shafti, na hapo chini, mahali alipokuwa amesimama Ndugu Habakuki, aliona uzi. Ulikuwa wa singa tatu zilizosokotwa, bado una mikunjo: mizunguko miwili, na pale kichwa kilipopenyezwa. Haukukatwa na mashine. Ulifunguliwa na kucha za mtu aliyejua kabisa anachokifungua, akauangusha chini, kisha akageuka na kusema nyuzi safi sana. Mashine gani hufunga fundo? Mkubwa yule alijua. Alijua tangu alipokisogeza karibu na miwani, na bado akahutubia vile, maana wakubwa wenzake Dar walikuwa wanangoja ripoti nzuri.

Alisimama, akamwonyesha Bwana Mhina uzi ule. Sasa aliyasema yale maneno, yote, bila kumficha mtu isipokuwa kijana. Kwamba taka zilichambuliwa siku mbili, kwamba wazo lilikuwa lake yeye, kwamba mkonge haupatani na shafti na haujapatana tangu mwanzo, na fundi hana kosa.

Bwana Mhina alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya sana, naye alikuwa na nyumba ya kukaa na cheo cha kupoteza. "Mama Josefina, ripoti imeshaondoka," akasema. "Na wewe mwenyewe umo ndani yake. Umesema huna neno." Akaenda zake ofisini.

Josefina alibaki na uzi mkononi. Kama angeyasema saa sita, mbele ya watu wote, yule mtu wa miwani angelazimika kuyasikia. Pengine. Aliyasema saa tisa, kwa mtu asiye na la kufanya. Majuto ya aina hiyo hayana pa kuyaweka, unayabeba tu.

Alipiga magoti tena akaanza kukata. Angeweza kuondoka, lakini Ponsiano alikuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa, wanamgambo wamesimama pande zote mbili, na pengine pipa likizunguka tena wangemwacha. Baada ya muda alisikia miguu. Paulina alikuja na kisu chake, mtoto mgongoni. Nyuma yake wakaja wengine wawili, halafu watano, mpaka wakafika wote bila kuitwa. Walikata. Chini ya rojo singa zilitoka nyeupe, nzuri, na mikono ikafanya ilichozoea kufanya: zungusha, penyeza, vuta. Kila mmoja alijikuta amefunga kifungu.

Saa kumi ikapita. King'ora cha kuacha kazi hulia kwa mvuke wa boila, na siku hiyo boila lilikosa kuni, kisilie. Wakataji waliendelea kukata mkonge huko mashambani, wakitazama jua na kushangaa.

Walipomaliza, Ponsiano aliruhusiwa kujaribu. Shafti iligeuka mara moja, ikalia, ikasimama, beringi zimeungua. Mwanamgambo mmoja akamshika bega. Kijana alimtazama Josefina. "Usijali, mama," akasema, kana kwamba ni yeye Josefina aliyekuwa anapelekwa.

Akina mama walibeba vifungu vyao mpaka ofisi ya meneja. Mnyapara hakuwepo, na hata angekuwepo majina yao yalikuwa yameshafutwa. Walivipanga barazani, safu moja, kuanzia mlangoni mpaka ngazi: vifungu ishirini na vinne, mafundo ishirini na manne, hakuna linalofanana na jingine. La Josefina walilitanguliza. Alilifunga kwa uzi uleule aliouokota chini ya wavu.

Jumatatu lori lilipita mbele ya ofisi limejaa magodoro, masufuria na kuku. Josefina alikaa nyuma kabisa, anatazama lilikotoka. Barazani, kwenye benchi, Ponsiano alikuwa amekaa kati ya wanamgambo wawili akingojea gari la kwenda Tanga. Miguuni pake vifungu vilikuwa bado vipo, vyote, havijahesabiwa na mtu.